Nyumba za Vipande Masese: Maboresho Yapi Yanalipa?

Nyumba ya vipande ni nyumba ambayo sehemu zake kubwa hutoka kiwandani au karakana zikiwa tayari, na kazi ya fundi uwanjani ni kuziunganisha. Mashariki mwa Uganda nyumba hizi ni za namna tatu. Ya kwanza ni uniport, kibanda cha mviringo cha bati kilichozoeleka katika kambi za polisi, ambacho hufungwa kwa bolti na huweza kufunguliwa kikahamishwa. Ya pili ni nyumba ya mabati juu ya fremu ya mbao, ambayo fundi na msaidizi wake huisimamisha kwa siku chache. Ya tatu ni nyumba ya vifaa vya karakana: matofali ya udongo na simenti yaliyoshindiliwa kwa mashine, vigae vya zege, na vipande vya zege viitwavyo laadi, ambavyo wanachama wa shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda wamekuwa wakivitengeneza Jinja.

Nyumba za aina hii ni rahisi kuanza nazo na ngumu kuziendeleza. Masese, mtaa wa Jinja ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria, mwenye nyumba anayetaka kuiboresha hupokea ushauri unaopingana. Mmoja humwambia asitie hata shilingi kwenye bati. Mwingine humwambia aanze na sakafu. Wa tatu humshauri aongeze chumba cha kupangisha, na wa nne asubiri mfereji wa mtaa kwanza. Mkanganyiko huo umezidi tangu Jinja na Mbale, mji mwingine wa mashariki, zianze kuendeshwa kama majiji tarehe 1 Julai 2020, kwa kuwa hadhi ya jiji huleta matumaini ya huduma na pia hofu ya kubomolewa. Kila ushauri kati ya hiyo minne una hoja yake, na kila mmoja una mahali unapokosea.

Chanzo cha tatizo

Jinja ilikua kwa viwanda. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda vya nguo, shaba na bidhaa nyingine. Wafanyakazi wengi walihitaji makazi, na mtaa wa Walukuba ulijengwa kwa ajili yao. Waliokosa nafasi humo, pamoja na wavuvi, wachuuzi wa samaki na wahamiaji kutoka mbali, wakiwemo watu wa Karamoja, walijijengea wenyewe huko Masese. Uchumi wa viwanda ulipoyumba baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, mishahara ilipungua lakini watu hawakuondoka. Walijenga kwa kilichopatikana: udongo, mbao, na bati jipya au kuukuu.

Juhudi za kurekebisha hali hiyo zilianza zamani. Mwaka 1989 serikali ya Uganda, kwa msaada wa Denmark, ilianzisha mradi wa wanawake wa Masese wa kujisaidia, ambamo wanawake walijifunza kutengeneza vifaa vya ujenzi na kujenga. Mbale ilikuwa na mradi wake wa nyumba za gharama nafuu huko Malukhu. Mwaka 2010 Jinja na Mbale ziliingizwa katika mpango wa kuboresha makazi ya watu maskini mijini, pamoja na Arua, Kabale na Mbarara. Kwa hiyo wakazi wa Masese si wageni wa miradi. Kilichobaki bila jibu ni swali la kaya moja yenye akiba ndogo: fedha hiyo iende wapi kwanza?

Ugumu wa swali hilo unatokana zaidi na ardhi kuliko na nyumba. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi: wa kimila, wa kudumu, wa mailo na wa kukodi kwa muda. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda pia mtu aliyekalia na kuendeleza ardhi iliyosajiliwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo bila kupingwa na mwenye hati, na marekebisho ya mwaka 2010 yaliongeza ulinzi dhidi ya kufukuzwa bila amri ya mahakama. Lakini wengi mitaani wana kibanja, yaani kiwanja kisicho na hati, chenye karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) tu, na wengine wengi ni wapangaji wa muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga. Juu ya hayo, kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinahifadhi ukanda wa mita 200 kutoka kwenye maji ya Ziwa Victoria, kwa hiyo nyumba iliyo ndani ya ukanda huo ina mashaka ya kisheria hata kama kuta zake ni imara.

Tatizo hili linafanana na la nchi nyingine. Marekani ina nyumba za kiwandani zinazojengwa kwa kanuni moja ya taifa tangu Juni 1976, na nyingi kati ya hizo husimama juu ya viwanja vya kukodi. Huko pia mwenye nyumba huweza kuweka jiko jipya na madirisha mapya, kisha kodi ya kiwanja ikapanda au kiwanja kikauzwa, na alichowekeza kikabaki mikononi mwa mwingine. Msingi wa kisheria ni ule ule: kilichoshikamana na ardhi hufuata ardhi, na kilichofungwa kwa bolti huweza kumfuata mwenyewe.

Hoja nne zinazoshindana

Hoja ya kwanza inasema nyumba nyepesi haifai kuboreshwa. Akiba itunzwe mpaka inunuliwe ardhi yenye hati na kujengwa nyumba ya kudumu. Nguvu yake ni kwamba ardhi haiozi, na hati hulinda kila kitakachowekwa juu yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Udhaifu wake ni muda. Akiba ya kaya inayoishi kwa kuuza samaki au kuendesha bodaboda haikui haraka, na bei ya kiwanja huweza kuikimbia. Katika miaka hiyo ya kusubiri watoto wanalala juu ya vumbi chini ya paa linalovuja, na fedha ya kiwanja inaishia kwenye matibabu.

Hoja ya pili inatetea maendeleo ya hatua kwa hatua. Mwingereza John Turner, aliyeishi na kufanya kazi katika vitongoji vya Peru, aliieneza katika miaka ya 1970: makazi ni shughuli inayoendelea, na wakazi wenyewe wanajua hatua inayofuata kuliko ofisi yoyote. Nguvu yake ni kwamba inakwenda na jinsi fedha inavyopatikana, kidogo kidogo. Udhaifu wake ni kwamba hatua zisizo na mpangilio hugharimu mara mbili. Anayepiga plasta kabla ya kurekebisha paa ataipiga tena, na anayemwaga sakafu kabla ya kuchimba mfereji ataona maji yakiinuka kupitia nyufa.

Hoja ya tatu inaitazama nyumba kama chanzo cha kipato: kila shilingi iende kwenye chumba cha kupangisha au kibanda cha duka mbele ya nyumba. Chumba kikipata mpangaji huweza kulipia maboresho mengine yote. Lakini kiwanja kikijaa vyumba, choo kimoja huhudumia watu wengi kupita kiasi, hewa hukosekana, na moto ukitokea au mtu akiugua hakuna njia ya kupita. Chumba cha kupangisha kwenye ardhi yenye mgogoro pia huongeza idadi ya watakaopata hasara.

Hoja ya nne inasema maboresho ya nyumba moja hayana maana mtaa ukibaki vile vile: kwanza mifereji, maji, vyoo na njia. Ukweli wake ulionekana mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kufikia rekodi ya 1964 na maji kuingia katika makazi ya ukingoni, na tena mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika Mbale na kuua watu. Hakuna sakafu ya mtu mmoja inayoweza kuzuia mto. Hata hivyo kazi za umma huchelewa, na zikija huongeza thamani ya ardhi kiasi cha kumsukuma nje mwenye kipato kidogo. Namuwongo, Kampala, baadhi ya waliolengwa na mradi wa kuboresha makazi waliuza nafasi zao kwa wenye uwezo na kuhamia mabanda mengine jirani.

Maboresho yenyewe, moja baada ya jingine

Paa hutangulia, kwa sababu linalinda kila kilicho chini yake. Makosa ya kawaida ni madogo na hurekebishika kwa fedha kidogo. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, si kwenye bonde ambamo maji hupita; ukipigwa bondeni, kila mvua hupita kandokando yake mpaka tundu lipanuke kwa kutu. Chini ya kichwa cha msumari panahitajika kipande cha mpira. Kenchi ifungwe kwenye nguzo kwa waya mzito au utepe wa chuma, maana upepo wa ziwani huingia chini ya paa jepesi na kulinyanyua. Bati jipya likinunuliwa, mnunuzi aangalie geji na kukumbuka kwamba namba ndogo ni bati nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30 au 32. Bati nene ni ghali zaidi, lakini hufunguliwa na kuhamishwa bila kukunjamana, na hilo ni jambo kubwa kwa asiye na hati. Paa la asbesto katika nyumba za zamani lina sheria yake: lisitobolewe, lisikatwe wala kusuguliwa, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu.

Baada ya paa huja maji ya chini. Bati la ukuta linalogusa udongo huanza kuliwa na kutu kutokea chini, na baada ya misimu michache ukingo wake hubaki kama kitambaa kilichochanika, panya na maji vikiingia. Dawa yake ni kulinyanyua bati hilo juu ya mstari mmoja au miwili ya matofali au zege, na kuchimba mfereji mdogo unaozunguka nyumba. Kazi hii haipambi nyumba, lakini huongeza maisha ya kuta zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye nyumba ya bati ufa huo uko chini, mahali ambapo macho hayafiki mara kwa mara.

Gata na tangi vinakwenda pamoja na paa. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 30 ni lita 300, yaani jerikeni 15, kabla ya kinachomwagika njiani. Ukanda wa Jinja una misimu miwili ya mvua kwa mwaka, kwa hiyo kifaa hiki hupunguza fedha ya maji kwa miezi mingi, na kwa wakati huo huo huzuia maji ya paa yasichimbe msingi. Tangi la plastiki pia huhamishika.

Sakafu ya simenti ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi wa kiafya. Katika mji mmoja wa jimbo la Coahuila, Meksiko, ambako serikali ilimwaga zege badala ya sakafu za udongo chini ya mpango wa Piso Firme, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba kuondoa kabisa sakafu ya udongo kulipunguza minyoo kwa watoto kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Busoga, eneo ambamo Jinja imo, ina sababu ya ziada. Mlipuko wa funza wa mwaka 2010 ulikumbusha kwamba mdudu huyo huzaliana katika vumbi, na sakafu ngumu inayofagilika humnyima makazi. Udhaifu wa sakafu ni kwamba haihamishiki. Mpangaji au mwenye kibanja cha mashaka anaweza kuchukua njia ya kati: udongo ulioshindiliwa vizuri na kuchanganywa na simenti kidogo, wenye bei ndogo kuliko zege kamili.

Madirisha, matundu na dari ni suala la joto na mbu, na hapa matakwa mawili hugongana. Nyumba ya bati hupata joto kali mchana, kwa hiyo inahitaji hewa ipite juu, kati ya ukuta na paa. Lakini upenyo huo huo ndio mlango wa mbu. Utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuweka nyavu milangoni na madirishani na kuziba upenyo wa paa kulipunguza mbu wanaoingia na kupunguza upungufu wa damu kwa watoto. Kuziba kwa udongo kunatosha katika nyumba ya nyasi, lakini katika nyumba ya bati hugeuza chumba kuwa tanuri. Suluhisho ni wavu mwembamba wa waya: hewa inapita, mbu hapiti. Dari hupunguza joto na kelele za mvua, ila dari ya povu isiyokingwa huwaka haraka na kutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo haifai juu ya jiko la mkaa.

Umeme una faida kubwa na hatari ya pekee katika nyumba ya bati. Waya uliochubuka ukigusa ukuta wa tofali huweza usimdhuru mtu, lakini ukigusa ukuta wa bati nyumba nzima huwa na umeme, na mtoto anayeshika mlango hupigwa. Ndiyo maana umeme wa wizi, uitwao kamyufu, ni hatari zaidi hapa kuliko mahali pengine. Nyaya zipite ndani ya mabomba ya plastiki, bati liunganishwe na waya wa ardhini, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni. Asiye na uhakika wa kukaa atapata nafuu kwa sola ndogo, ambayo hushuka kutoka juu ya paa siku ya kuhama.

Choo hakipaswi kutazamwa kama nyongeza ya nyumba moja. Karibu na ziwa maji ya chini ya ardhi yako juu, na shimo lisilojengewa huchafua visima na hubomoka. Choo kilichoinuliwa, chenye shimo lililojengewa na linaloweza kunyonywa, ni ghali kwa kaya moja lakini kinawezekana kwa kaya kadhaa zinazochangia.

Mwisho wa foleni ni plasta ya mapambo, rangi ya ndani, vigae vya sakafuni na milango ya urembo. Vitu hivi hufurahisha, na furaha ya nyumbani si jambo dogo. Ila havizuii maji wala ugonjwa, na mnunuzi wa kibanja huangalia kwanza karatasi, mahali na ukubwa.

Kupima kabla ya kutoa fedha

Hoja zote nne zinapatana zaidi kuliko zinavyoonekana, mradi kila moja iwekwe mahali pake. Kipimo kinachoziunganisha ni muda: boresho lina thamani ya miezi ambayo litatumika, pamoja na kile ambacho mwenyewe anaweza kuondoka nacho. Tuseme sakafu imegharimu shilingi 600,000. Kaya ikikaa miaka mitano, gharama ni shilingi 10,000 kwa mwezi, na huenda ikazidiwa na fedha iliyookolewa hospitalini. Kaya hiyo hiyo ikiondolewa baada ya mwaka mmoja, gharama ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Sakafu ni ile ile. Kilichobadilika ni uhakika wa kukaa.

Kwa kipimo hicho makundi manne yanajitenga. Mwenye hati au mkataba wa kukodi ardhi uliosajiliwa afuate hoja ya pili kwa mpangilio: paa, maji ya chini, sakafu, nyavu, umeme, kisha chumba cha kupangisha kwa kibali cha ujenzi. Mwenye kibanja chenye karatasi ya LC1 agawanye akiba: sehemu iende kwenye kurasimisha haki yake, na sehemu iende kwenye vitu vinavyohamishika au vinavyorudisha gharama haraka, kama vile bati nene, gata, tangi, nyavu na sola. Mpangaji asiweke kitu kisichofunguka bila makubaliano ya maandishi na mwenye nyumba, ikiwezekana gharama ikatwe kwenye kodi. Aliye ndani ya ukanda wa mita 200 wa ziwa ana kundi lake peke yake: kwake boresho la kwanza ni mpango wa kuhama kwa utaratibu, na chochote anachoongeza kiwe chepesi.

Hoja ya tatu, ya kipato, inafaa pale ambapo choo, njia na hewa vinaweza kubeba watu zaidi. Ya nne haimzuii mtu kutengeneza paa lake leo, lakini inamtaka atenge kitu kwa ajili ya mtaa, iwe ni mchango wa mfereji au siku ya kazi. Hoja ya kwanza inakosea inapowaambia watu wavumilie uvujaji na vumbi kwa miaka, ila iko sahihi kwamba ardhi ndiyo inayoamua hatima ya kila kitu kilichojengwa juu yake.

Muhtasari

Maboresho ya nyumba ya vipande yana uzito tofauti. Yanayozuia maji kuingia kutoka juu na kutoka chini hulipa karibu kila mahali, kwa kuwa hurefusha maisha ya kila kipande kingine. Yanayozuia ugonjwa, yaani sakafu ngumu, nyavu na choo salama, hulipa kwa kaya yenye watoto endapo kuna uhakika wa kukaa walau miaka michache. Umeme hulipa ukifungwa kwa usalama, na chumba cha kupangisha hulipa ardhi ikiwa haina mgogoro. Mapambo huja mwisho.

Juu ya orodha yote hiyo kuna karatasi ya ardhi. Kaya ya Masese, au ya Namatala, mtaa wa mabanda wa Mbale, inayojua haki yake juu ya kiwanja, na umbali wake kutoka kwenye maji, inaweza kupanga maboresho yake kwa mfuatano huo, kila hatua ikiilinda inayofuata. Isiyojua ianze kwa kuuliza ofisi ya ardhi na mwenyekiti wa LC1 kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti.